Kisu Ukingoni mwa Sahani

"Mayai yangu yamekosa nini hata ukayafungia kwenye baridi kama maiti?"

"Nimeyaokoa, Bi Enid! Nimeyakuta juu ya kabati, kwenye joto, yamerundikwa ndani ya chombo cha udongo chenye sura ya kuku. Kwetu Tennessee yai likilala nje, asubuhi tunamtupia nguruwe."

"Kwenu Tennessee! Hapa ni Suffolk. Yai la Suffolk linakaa nje na linajitunza lenyewe."

"Basi samahani kwa mayai, mama."

"Nani anazungumzia mayai? Mimi nazungumzia buli la mama yangu!"

Inspekta Hester Lockyer alifunga mlango wa gari taratibu ili asiwakatishe. Watu wakigombana husema mengi kuliko wakihojiwa, na yeye alikuwa na subira. Bi Enid Garrod alisimama upande wake wa ua wa michongoma, kofia ya kanisani kichwani ingawa ilikuwa Jumatatu, mwembamba, wima kama mshumaa. Upande wa pili alikuwapo Verlene Buckner, mwanamke wa Kimarekani mwenye mikono ya kazi na sauti iliyozoea viwanja vikubwa, machozi yakimlengalenga. Mtaa wa Kinu mzima ulikuwa unasikiliza. Hakuna aliyetoka nje, la hasha, Waingereza hawana tabia hiyo. Ila mapazia ya madirisha yalikuwa yanatikisika kana kwamba kila nyumba imeingiwa na upepo.

"Inspekta, umekuja kwa wakati," Bi Enid alisema. "Huyu hapa. Ufunguo nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu huu, anilishie paka."

"Na paka nimemlisha!" Verlene aligeuka. "Afande, muulize paka."

Paka mwenyewe, dume nono aitwaye Askofu, alikuwa amelala juu ya boneti ya gari la Verlene, hana habari.

Mambo yalikuwa hivi. Bi Enid alisafiri Ijumaa kwenda Norwich kwa binamu yake, akarudi Jumapili jioni, akakuta mtu amekula katika chumba chake cha chakula na buli la fedha la marehemu mama yake halipo. Akapiga simu polisi. Baada ya hapo, na hili ndilo lililoharibu mambo, akapiga simu kambini. Mji wa Wickering umeishi na kambi ya ndege za Wamarekani tangu enzi za vita, na kila mtu anajua sheria ya mkuu wa kambi: familia ikituhumiwa kuwaibia wenyeji, inafungishwa virago, inarudishwa kwao. Mume wa Verlene, Sajenti Dale Buckner, fundi wa injini, alikuwa ameketi nje ya ofisi ya mkuu huyo tangu asubuhi. Mkuu alikuwa anangoja neno moja tu la Hester kabla ya jioni.

"Sijaiba kitu maishani mwangu," Verlene alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Na sitaki kuondoka hapa. Nimeupenda mji huu. Nimejifunza hata kupanga foleni."

"Rudi ndani kwako, Bibi Buckner," Hester alimwambia. "Nitakuja kwako baada ya hapa."

* * *

Bi Enid hakuwa amegusa chochote. Alikuwa msikilizaji wa michezo ya upelelezi redioni, na alijua wajibu wake.

Sahani ilikuwa mezani. Hester aliinama, akaizunguka bila kuigusa. Vipande vya paja la nguruwe, tone la haradali, nusu ya kitunguu cha siki. Nyama ilikuwa imekatwakatwa yote vipande vidogo vidogo, vingine vimebaki. Kisu kilikuwa kimelazwa juu, ukingoni mwa sahani. Uma ulikuwa upande wa kulia.

"Unaona?" Bi Enid alisema kwa ushindi. "Mtu wa hapa hushika uma kushoto, kisu kulia, akakata kipande, akala kipande, na kisu hakitui mpaka amalize. Wao wanakata chakula chote kama wanamlisha mtoto, wanalaza kisu pale ukingoni, halafu uma unahama mkono. Hiyo sahani imevaa bendera ya Marekani."

Hester hakubisha. Katika karamu ya mavuno ya kanisa alikaa meza moja na Verlene, akauona uma ukihama mkono, tena kwa madaha, hata akavutiwa. Mtu anayeweka kisu chini baada ya kukata ana nafasi ya kuzungumza na jirani yake, na Verlene alizungumza na meza nzima.

Kando ya sahani kulikuwa na kikombe cha chai, kimenywewa nusu. Utando wa maziwa ulikuwa umeganda juu.

"Chai hii imepikwa na nani?"

"Na yeye, nani mwingine?"

Hester alihamia jikoni. Birika la umeme lilikuwa pembeni mwa sinki, waya wake umechomekwa ukutani. Swichi ndogo ya soketi ilikuwa imezimwa.

"Bi Enid, birika hili umelitumia tangu urudi?"

"Sijagusa kitu, nimekwambia. Chai ya jana nimekunywa kwa majirani, kina Tuttle."

"Na uliposafiri uliliacha hivi?"

Bi Enid alitazama kama ametukanwa. "Mimi nikisafiri nachomoa kila kitu. Waya nauviringisha, nauweka ndani ya birika lenyewe. Mama yetu alitufundisha hivyo. Umeme si kitu cha kuachia nyumba."

"Kwa hiyo mtu ameutoa waya, ameuchomeka, amechemsha maji, halafu akaizima soketi ukutani."

"Angalau hilo amelifanya kistaarabu."

Hester alipiga magoti. Sakafu ilikuwa ya vigae vya mawe, vya kale, vyeusi kwa miguu ya vizazi. Mbele ya jiko, kigae kimoja kilikuwa na jeraha jipya, jeupe, dogo kama ukucha. Akamulika tochi chini ya jiko. Majani ya chai, mengi kiasi cha kujaza kijiko, yalikuwa yamegandamana nyuma ya mguu wa jiko, mahali ambapo ufagio haufiki. Nyuma ya mlango, ufagio wa kupigia deki ulikuwa bado na unyevunyevu kwenye matambara yake.

"Ulipiga deki lini?"

"Alhamisi. Siku zote Alhamisi."

Hester akasimama, akajipangusa magoti. Chai ilipikiwa ndani ya buli la fedha lenyewe. Buli lilianguka hapa, likiwa bado na chai. Kisha mtu akafuta sakafu. Mwizi gani hupika chai ndani ya kitu anachokuja kukiiba, halafu akapiga deki?

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Labda Wilf. Lakini Wilf si mtu, ni kaka yangu. Na Wilf anakula kama Mkristo, uma kushoto. Amekaa meza hii tangu alipokuwa hafikii kiti."

* * *

Nyumba ya Verlene haikuwa na lango la kukuzuia wala kengele ya kukusubirisha. Mlango ulikuwa wazi. Viatu vya watoto wa majirani vilikuwa vimerundikana kizingitini, na jikoni kulikuwa na harufu ya vitu viwili au vitatu vinavyopikwa pamoja.

"Kaa, kipenzi. Afande, samahani. Kaa. Utakunywa chai?"

"Nitakunywa."

Verlene alifungua friji, akatoa jagi. Chai ilikuwa ya baridi, imejaa barafu, tamu mpaka meno yakasimama. Hester alikunywa, akashangaa kwamba anataka tena.

"Chai ya moto huwa unapikaje?"

"Ya moto? Mtu akiumwa. Namwaga maji kikombeni, naweka kwenye maikrowevu, natumbukiza kifuko." Aliona sura ya Hester. "Najua, najua. Bi Enid aliniona siku moja, ikabidi akae chini."

"Na maziwa?"

"Maziwa kwenye chai?" Verlene alikunja uso kama mtoto aliyepewa dawa. "Afande, nimejaribu kuwa mwenyeji. Nimeizoea mvua. Nimejifunza kwamba chipsi zangu kwenu zina jina jingine, na chipsi zenu kwetu zina jina jingine, na biskuti mnayoisema ni kile kitu kikavu cha kuchovya. Mimi biskuti zangu ni laini, zimenyeshewa rojo la soseji. Lakini maziwa kwenye chai, hapana."

Hester aliweka glasi chini, akatembeza macho ukutani. Soketi za jikoni, sebuleni, korido. Kila swichi ilikuwa imebonyezwa upande wa kuwasha, hata pale ambapo hapakuchomekwa kitu. Moja, karibu na dirisha, ilikuwa imepakwa rangi pamoja na ukuta na haikuweza kusogea tena.

"Hizi swichi huwa unazizimaje?"

"Zipi?" Verlene alisogea kutazama. "Hivyo vidude? Sijui vya nini. Kwetu tundu la umeme ni tundu tu, umeme umo humo siku zote. Dale aliviwasha vyote siku tuliyohamia, akaniambia nisiviguse." Akasita. "Nimefanya kosa jingine?"

"La. Niambie, ulipoingia kumlisha paka, ulipita wapi?"

"Jikoni. Nikamwekea chakula, nikayaona mayai yale maskini, nikayatia kwenye friji. Basi. Jumamosi asubuhi. Jumapili nilimlisha kupitia dirishani, maana alikuwa amekaa pale ananisubiri kama afisa wa forodha."

"Na Jumamosi sakafu ilikuwa kavu?"

Verlene alifikiri. "Ilikuwa inang'aa. Niliwaza moyoni, huyu mama, hata hayupo, sakafu yake inanishinda."

Alilisema hilo bila kijicho, kwa heshima ya mpishi kwa mpishi. Hester alimaliza chai, akaenda mlangoni.

"Afande." Verlene alikuwa ameshika meza. "Dale amekaa pale nje ya ofisi, hajala. Akiniuliza nimwambie nini?"

"Mwambie bado natafuta mtu anayezima birika ukutani."

* * *

Wilfred Garrod aliishi mwisho wa Mtaa wa Kinu, mzee mjane, mwembamba wa mwili, fundi saa aliyestaafu. Hester alimkuta bustanini ndani ya kibanda chake cha kioo, katikati ya nyanya zilizofungwa kwenye vijiti.

"Hujambo, Bwana Garrod? Mzima?"

"Siwezi kulalamika."

Alisema hivyo akitabasamu, mkono wa kushoto mfukoni. Hester alitembea katikati ya nyanya akizisifia, na kwa kweli zilistahili. Kamba za kufungia vijiti zilikuwa zimekatwa kwa meno. Ncha zake zilikuwa zimetafunwa, na mafundo yalilala upande mmoja wote. Miguuni mzee alikuwa amevaa ndala za ndani, na Mwingereza wa umri ule hatoki nje na ndala za ndani mchana ila kama viatu vyake vya kamba vimemshinda.

"Nimetoka kwa Verlene Buckner."

"Aa, yule mama!" Uso wa mzee ulifunguka. "Mwema sana yule. Alipohamia aligonga mlango wangu na sufuria la chakula, hanijui, simjui. Nimeishi mtaa huu maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kunigongea na sufuria. Na aliwahi kunisifia chupi yangu mbele ya mchungaji."

"Alikusudia suruali."

"Nilijua. Neno lao la suruali ni letu la chupi. Mchungaji alikuwa mwekundu kama nyanya hizi. Sikumsahihisha. Miaka mingi hakuna aliyenisifia hii wala ile."

Walicheka. Hester alichukua kikapu cha nyanya kilichokuwa sakafuni, kikapu chenye mikono miwili, akamnyooshea. Mzee alitoa mkono wa kulia peke yake. Kikapu kikapinda, nyanya zikabingirika kila upande. Mkono wa kushoto ulitoka mfukoni wenyewe, ukachelewa, ukaning'inia hewani vidole vimekunjika.

Hester aliokota nyanya iliyobingirika hadi mguuni pake.

"Kiharusi?" Hester aliuliza.

"Kidogo tu. Wakati wa baridi."

"Nani anajua?"

"Daktari."

"Kwa hiyo nyama unakata yote kwanza, kwa mkono mzima. Kisha kisu unakilaza, unachukua uma kwa mkono uleule."

Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nilikwenda Ijumaa jioni kumwangalia Askofu. Nyumba kimya. Nikaona paja la nguruwe, nikala, maana nyumbani siku hizi nakula vya mkebe. Nikasema, ngoja ninywe chai kwa buli la mama. Kikombe cha kwanza nilikimimina salama, nikarudi jikoni kuongeza. Linainuliwa kwa mikono miwili, unajua, mmoja kwenye kishikio, mmoja kwenye kifuniko. Mikono yangu ilisahau kwamba sasa ni mmoja tu." Aliinua macho. "Kishikio kiling'oka chote. Nikafuta sakafu, nikakimbia. Fundi saa nimekimbia na buli kifuani kama mtoto aliyevunja dirisha. Nilitaka nililehemu kabla hajarudi, lakini kazi yenyewe nayo inataka mikono miwili."

Buli lilikuwa kwenye banda la vifaa, limeviringishwa kwa gazeti, kishikio pembeni. Kwenye ungio kulikuwa na matone mawili matatu ya lehemu, yamepotoka, ya mtu aliyejaribu na kujaribu.

"Usimwambie Enid," alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Wiki ijayo, tukiwa tumetulia. Sitaki aanze kunikatia mkate."

"Bwana Garrod, amemtuhumu Verlene. Amepiga simu kambini. Jioni hii wanaweza kuambiwa wafungashe."

 Mzee alisimama, akakamata buli chini ya kwapa la kulia, kishikio akakitia mfukoni, akatoka na ndala zake hadi barabarani, mbele ya mapazia yote ya Mtaa wa Kinu.

* * *

Bi Enid alikuwa bado uani akipunguza michongoma ambayo haikuhitaji kupunguzwa. Alimwona kaka yake, akaliona buli. Mkasi ukasimama.

"Mimi ndiye," Wilf alisema. "Nililiangusha. Mama wa watu hana kosa. Mkono wangu huu umekufa."

"Umekufa tangu lini?"

"Tangu baridi."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nimekuuliza kila Jumapili, Wilfred! Kila Jumapili ya Mungu, mlangoni pa kanisa!"

"Uliniuliza kama mzima. Nikakujibu siwezi kulalamika."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Na mimi ningejibuje vingine? Tumelelewa na mama mmoja, Enid."

 Bi Enid alilichukua buli kutoka kwapani mwa kaka yake, akaligeuza, akaona yale matone ya lehemu yaliyopotoka. Alipitisha kidole juu yake mara kadhaa. Kisha akaushika ule mkono wa kushoto wa kaka yake na kuurudisha mfukoni polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha thamani kabatini, akaufunga mfuko kwa kifungo chake.

Hester alikuwa tayari ndani ya gari akizungumza na kambi kwa redio. Alisema neno moja aliloombwa, akaongeza na mengine mawili ambayo hakuombwa, kuhusu Sajenti Buckner kupewa chakula na ruhusa ya kwenda nyumbani. Aliporudi uani, Verlene alikuwa amesimama kizingitini kwake. Alikuwa amesikia yote. Mtaa mzima ulikuwa umesikia.

Bi Enid aligeuka kumkabili. Huyu ni mwanamke ambaye huuomba radhi mlango akiusukuma kwa nguvu, na paka akimruka. Neno samahani humtoka mara mia kwa siku, jepesi kama chafya. Sasa lilikataa kutoka. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Alianza mara ya kwanza, akashindwa. Alianza mara ya pili, akaishia kwenye mayai.

"Yale mayai," alisema. "Kwenye friji. Nadhani... nadhani yamekaa vizuri tu."

Verlene alimtazama. Alimtazama Wilf mwenye ndala, buli lisilo na kishikio, Inspekta mwenye vumbi magotini. Akajifuta macho kwa aproni, na sauti yake ikarudi ukubwa wake, ile ya viwanja vya Tennessee.

"Nina maharage yameiva na mfupa wa nguruwe, na mkate wa mahindi unatoka jikoni sasa hivi. Dale yuko njiani. Ingieni mle."

"Hatutaki kukusumbua, Bibi Buckner," Bi Enid alisema haraka, kwa mazoea.

"Bi Enid, sikuuliza kama mtanisumbua." Verlene alisukuma kwa mguu viatu vya watoto, akaupanua mlango mpaka ukagonga ukuta. "Nimesema chakula kiko mezani. Wewe utakaa hapa, karibu na mimi."